Ulimlilia Nesrin

Mkwiro, 6 Mei 2024

Kwa mwanangu Yusra,

Salamu zangu zikukute huko Ukunda ukiwa na afya, wewe na mumeo Kibwana. Sisi huku hatujambo. Mvua imetunyeshea wiki nzima na paa la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Mbuzi wangu mweupe amezaa pacha, mmoja akafa. Kaburi la babako nimelifyeka nyasi, na nikamwambia kaka yangu pale pale kwamba bintiye aliyeniachia nimlee sasa hana hata wakati wa kunywa chai, maana siku ya pili ya Idd uliondoka na mashua ya alfajiri hujatia kitu mdomoni. Mahamri yako alikula Jaafar na abiria wake. Nilisema moyoni labda kazi imekuita.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu, na libaki baina yetu. Unajua mimi na akina Mejumaa tunalima mwani. Maji yakipwa tunaingia, tunafunga miche kwenye kamba, na mikono ikifanya kazi midomo nayo haikai. Zamani tulizungumza mambo ya watu: nani kaposwa, nani kanuniana na mkwewe, mnunuzi gani wa mwani ni mwongo. Tangu mwanawe Mejumaa alipomletea televisheni na sola yake, hayo yamekwisha. Habari ni moja tu, mchezo wa Kituruki uitwao Pazia la Nesrin. Nesrin kasema hivi, mkwewe Feride kamfanya vile, mumewe Kemal kalia. Asiyejua habari za Nesrin majini ni kama hayupo.

Mimi nami kila jioni huenda kwa Mejumaa kuutazama. Nakaa mbele kabisa. Lakini televisheni ile sauti yake ndogo, na Waturuki wale wametiwa Kiswahili juu, basi mdomo unakwenda huku na maneno yanakwenda kule. Siambulii kitu. Wenzangu wakicheka, nacheka. Juzi nilimwona Mejumaa mabega yanamtikisika nikadhani anacheka, nami nikaangua kicheko. Kumbe analia, mtoto wa Nesrin anazikwa. Walinigeukia wote, na wallahi niliona haya mpaka nikasingizia mbu.

Ninachotaka ni hiki. Wewe huko una umeme. Utazame mchezo huo kila siku, uniandikie nani kamwambia nani nini. Barua mpe konda wa magari ya Shimoni amkabidhi Jaafar wa mashua. Usinipigie simu, simu yangu inakoroma tu, na vile vitufe vyake vya kuandikia vinaniumiza macho. Na Mejumaa asijue.

Msalimie Kibwana. Mwambie huko Lunga Lunga kwenye biashara zake apunguze kuzurura, arudi mapema kwa mkewe.

Ni mimi shangazi yako,
Dama


Ukunda, 23 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikinuka papa, konda alikuwa ameiweka chini ya kapu la mtu. Pole kwa mwanambuzi. Mimi nipo. Hotelini hapa Diani wageni ni wengi, na chumba chetu cha dobi kina joto la tanuri. Nashinda nikipiga pasi mashuka ya watu wanaolala peke yao kwenye vitanda vya watu wanne. Habari zangu nyingine nilikupa siku ya Idd, sina za kuongeza.

Shangazi, mwaka huu wa leo ni nani anayeandika barua? Mwenzio akitaka kujua habari za mchezo anamuuliza aliyekaa naye jamvi moja. Mejumaa umekua naye, mmetiwa hina pamoja, leo unashindwa kumwambia "hebu nieleze"? Unaniomba mimi niliye ng'ambo ya bahari nitazame televisheni kwa niaba yako. Na televisheni yenyewe sina, iliyokuwapo nyumbani imeondoka na mwenyewe. Imenibidi niende chumba cha pili kwa Kadzo, Mgiriama ninayefanya naye kazi. Natoka kazini miguu imevimba, nakaa kwenye ndoo, namwangalia mwanamke mzima analia kitandani na viatu miguuni.

Na ujue kwamba mchezo huo nilikuwa nimeukwepa. Kazini wasichana wa bara hawana lingine. Nilikuwa nawaachia maneno yao na pasi yangu mkononi, nina amani. Sasa umeniingiza.

Haya, shika. Nesrin ni maskini, ameolewa kwa matajiri. Yule mtoto aliyezikwa si wake, ni wa dada yake, ila yeye ndiye aliyemlea. Feride, mkwewe, hamtaki, kwa sababu alitaka mwanawe amwoe binti wa mwenye kiwanda cha mazulia. Kemal ni bwege, mamake akikohoa naye anakohoa. Feride ameficha saa ya mwanamume chini ya godoro la Nesrin ili aonekane ana bwana mwingine. Nesrin hajui, anapika karamu ya kutimiza mwaka wa ndoa na amejishonea gauni la kijani. Yamekwisha hapo.

Nina swali moja, na usinikasirikie. Je, ni masikio?

Wako,
Yusra


Mkwiro, 11 Juni 2024

Mwanangu Yusra,

Marahaba. Nakusalimu ingawa barua yako imenitia kidonda. Huku wazima. Pacha aliyebaki ananyonya vizuri. Upepo wa kusi umeanza na maji ni ya baridi, vidole vinakufa ganzi kwenye kamba.

Masikio yangu hayana neno. Nasikia mwadhini, nasikia mbuzi, nasikia hata watu wanaonisema. Neno hilo usiliandike tena, barua hupita mikononi mwa watu.

Kilichoniudhi zaidi ni kuchelewa. Jaafar injini ilimharibikia, barua yako ikalala Shimoni mpaka nikaisahau. Nilipoipata niliisoma nikaikariri kama mtoto wa chuoni anavyokariri Kurani, kesho yake nikaingia majini kifua mbele. Nikawaambia wenzangu, lakini karamu ya Nesrin ilipendeza, na lile gauni la kijani lilimkaa. Mejumaa akaacha kamba yake, akaja mpaka mbele yangu, akaniambia, "Dama, Nesrin ameachwa tangu Jumamosi."

Yusra, nililia. Sikujizuia. Nililia pale majini na kamba mkononi, kwa jinsi yule mtoto wa kike alivyoachwa bila kosa, hana mama wala baba, na hakuna aliyemwambia pole. Wenzangu waliona ajabu. Baadaye wakaniuliza habari zako, nikawaambia Yusra wangu yu raha mustarehe kwake. Wakatazamana, kisha wakainamia kamba wakazungumza yao kwa sauti ya chini, nikawaitikia Mashaallah.

Sasa, barua zije mapema. Nakutumia sabuni tuliyoitengeneza wenyewe kwa mwani, ngozi yako iliungua na zile pasi. Idd kubwa hiyo inakuja, njoo na Kibwana. Mpe salamu zangu nyingi, na hajaniambia biashara ya Lunga Lunga inakwendaje.

Shangazi yako,
Dama


Ukunda, 2 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Idd kubwa imepita na sikuja. Hutaniuliza sababu na mimi sitakwambia, tumeelewana. Sabuni imefika, ahsante, imelainisha mikono. Huku hatujambo, kazi ni ileile.

Unataka mapema, basi nakupa mapema mpaka utosheke. Kadzo ana simu ya maana na ana bando, anautazama mchezo huko mtandaoni kwa Kituruki chenyewe, na maandishi ya Kiingereza chini, kabla haujatiwa Kiswahili. Yuko mbele ya televisheni ya Mejumaa kwa wiki nzima na zaidi. Nimekaa naye siku yangu ya mapumziko, siku ambayo ningelala, nikamtazama Nesrin mpaka kichwa kikauma. Nimekaa na wasichana wa kazini nikathibitisha kila kitu, na sasa wananiita "fan", wananiwekea nafasi wakati wa chakula. Sijui niwatoroke vipi.

Shika basi. Nesrin atapelekwa mahakamani mara mbili. Ya kwanza ni ya talaka, atalia tu. Ya pili ni ya nyumba. Hiyo ya pili Feride atasimama mbele ya hakimu na kukiri kwamba Nesrin ni binti yake wa kumzaa, aliyemtupa akiwa mchanga kabla hajaolewa na tajiri. Kemal naye kumbe si mtoto wake, alimlea tu. Kemal atazimia. Umenielewa? Usiseme neno mpaka uone hiyo mahakama ya pili. Kama hujui iliyooneshwa ni ipi, nyamaza.

Na jambo jingine. Usinitumie tena salamu za Kibwana.

Yusra


Mkwiro, 29 Julai 2024

Yusra,

Nakusalimu, na nawasalimu wote hapo. Huku afya ipo, mengine hayapo. Mbuzi wamekula kanga yangu iliyokuwa kwenye kamba.

Umeniponza. Sijui kama ulikusudia. Jioni moja kwa Mejumaa nilimwona Nesrin mahakamani, hakimu amekaa, Feride amesimama, Nesrin analia. Nikasema ndiyo hii, leo ndiyo leo. Watu wote wakatoka wamekunja nyuso, nikaona wamestuka. Kesho yake, maji yalipopwa, nikawa wa kwanza kufungua mdomo. Nikawaambia, jamani, kumbe Feride ndiye mama mzazi wa Nesrin, alimtupa akiwa mchanga, na Kemal ni wa kulea. Nilieleza vizuri, nilitia na mikono.

Kumbe ile ilikuwa mahakama ya talaka. Ya pili ilikuwa bado.

Hapo hawakuniamini, wakasema nimechanganya. Siku zilipopita ikaoneshwa ileile niliyoisema, neno kwa neno. Ningejua wangegeuka vile ningekaa kwangu. Mmoja akasema nimeharibu utamu wote. Mwingine akasema nimevuka nikaenda Tanga kupiga ramli. Nani apige ramli kwa ajili ya Mturuki? Lakini habari ikaenea kisiwani, na hata mwuza mkate ananitazama kwa woga. Mejumaa akanuna. Mstari wangu wa kamba ukawa ni wa mwisho, kule nje, peke yangu.

Unaijua kawaida yetu. Maji yakigeuka, mmoja huita, na kila aliye majini huitikia jina lake, asiyeitikia hutafutwa. Siku moja nikiwa kule nje kusi lilikuwa kali na mimi nimeinama. Niliponyoosha mgongo maji yalikuwa kifuani na wenzangu wako mchangani. Mejumaa alirudi kunifuata, nguo zote mwilini, akanishika mkono kwa hasira mpaka ukanivimba. Upepo ulikuwa mwingi, ndiyo maana. Upepo tu.

Nakuandikia haya ili ujue barua zako zimenifikisha wapi. Na hilo la Kibwana ni nini? Mmegombana? Mke hatangazi ugomvi wa nyumbani kwenye karatasi. Ulikuwa unaniambia kila kitu tangu ukiwa na meno ya utoto, sasa unanificha.

Dama


Ukunda, 13 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa mkono. Pole kwa maji kukufika kifuani, nilipoisoma hiyo mwili ulinisisimka, na nitasema hilo kwanza kabla hasira haijanichukua.

Unasema nakuficha. Sikukuficha kitu.

Siku ya Idd nilivuka na mashua ya Jaafar nikiwa na mkoba mmoja. Nilikukuta jikoni unakaanga mahamri, magharibi imeingia, giza limeanza na taa hujaiwasha. Ulikuwa umenipa mgongo. Nilisimama mlangoni, kwa kuwa nilijua nikikuona uso sitaweza. Nikakwambia Kibwana ameniacha. Nikakwambia amenipa talaka katikati ya Ramadhani, kwamba ana mwanamke Lunga Lunga siku nyingi, kwamba amechukua kitanda na televisheni na kuniachia chumba kitupu. Nikakuomba, na neno hili sikuwahi kulisema kwa mtu, nikakuomba nirudi nikae kwako mpaka eda iishe.

Wewe hukugeuka. Uligeuza mahamri. Ukaniambia, "Mashaallah, Mungu azidishe."

Nilisimama pale nikingoja labda kuna neno jingine linakuja. Ukaniuliza kama nataka chai ya tangawizi. Alfajiri nikaondoka. Tangu siku ile nimeitafuta maana ya jibu lako kila ninapoinamia pasi. Nikasema labda ndivyo unavyoniona, kwamba ni kosa langu. Nikasema labda ulimpenda Kibwana kuliko mimi. Kila barua umenitumia salamu zake, na kila salamu ilikuwa kama unanisukuma kidole kwenye jeraha.

Kisha ukaniandikia kwamba Nesrin ameachwa na umemlilia majini. Hana mama wala baba, ulisema, hakuna aliyemwambia pole. Ulimlilia Nesrin, shangazi. Mtu asiyekuwapo, mwenye mdomo usiofuatana na maneno yake. Mimi eda yangu nimeikaa nikipiga pasi mashuka ya wageni, imekwisha, na hakuna hata mmoja aliyeniwashia udi.

Nilikuuliza kama ni masikio. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba masikio yako hayana neno. Kama hayana neno, basi ulinisikia.

Sitautazama tena mchezo huo, wala kwa ajili yako wala kwa ajili ya mtu mwingine. Kazini nimewaambia wasichana siupendi na sikuupenda hata siku ya kwanza. Wamekasirika na sasa nakula peke yangu, ndivyo nitakavyo.

Yusra


Mkwiro, 1 Septemba 2024

Yusra,

Barua yako imefika. Nimeisoma jikoni, nikaisoma nje kwenye mwanga, maneno ni yaleyale.

Mwani wangu umeoza kwenye kamba, sijaingia majini. Nipe siku chache. Nitakuandikia.

Dama


Mkwiro, 22 Septemba 2024

Yusra, mwanangu, mtoto wa kaka yangu,

Leo salamu zitatangulia kidogo tu, maana moyo umejaa. Mimi mzima. Wewe sikuulizi hali, nimekwisha kuijua.

Sisikii.

Nimeliandika neno hilo na limekaa kwenye karatasi na paa halikuniangukia. Sikio la kushoto limekufa, sijui tangu lini hasa, mwaka wa pili sasa au zaidi. La kulia limebaki kidogo, mtu akiwa karibu na pakiwa kimya. Mengine yote nasoma midomo. Nimejifunza mwenyewe, na nimekuwa hodari mpaka dukani hawajui. Mtu akinitazama namwelewa. Ila Waturuki wale walinishinda, mdomo unasema Kituruki na watu wanasikia Kiswahili. Pale ndipo nilipopotea.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu ya kamba zangu. Asiyeitikia akiitwa haingii majini, ndivyo tulivyokubaliana sote, na mimi mwenyewe nilikuwapo tukikubaliana. Nikasema nikikiri, kamba zangu watapewa wengine na mimi nitakaa barazani kama mamangu marehemu, watu wananipigia makelele sikioni kana kwamba nimekuwa mjinga. Majini nilikuwa nawatazama migongo. Wakinyooka, nanyooka. Wakigeuka, nami naitikia jina langu. Mpaka waliponitenga mstari wa nje, pasipo mgongo wa kuutazama.

Sasa ile jioni ya Idd. Mafuta yalikuwa yanachemka, giza limeingia, nami nimekupa mgongo. Nilijua umesimama mlangoni. Nilijua unasema, sauti yako niliipata kama mtu anayezungumza nyumba ya tatu. Ningegeuka, kwa giza lile nisingeuona mdomo wako, nawe ungejua. Basi nikachagua neno ninalowapa watu wote nisipowasikia, neno linalokaa karibu kila mahali. Nimewaambia watu Mashaallah kwenye posa, kwenye mazao, kwenye mtoto aliyefaulu mtihani. Nikakwambia na wewe. Asubuhi nilipokuta kitanda chako kimetandikwa nilijua kuna kitu nimekosea, ila sikuthubutu kuuliza, maana kuuliza ni kukiri.

Lawama ukinipa nitaipokea, lakini usiseme tena kwamba nilimpenda Kibwana. Sikumpenda hata siku ya harusi. Ana masikio yake yote mawili na hajawahi kumsikiliza mtu.

Barua yako ilipokaa nami siku kadhaa, nikaenda kwa Mejumaa jioni. Wote walikuwa wamekaa jamvini, Nesrin ameanza. Nikapita katikati yao nikasimama mbele ya televisheni, nikaiziba kwa mwili wangu. Nikawaambia, mimi sisikii, sijasikia neno la mchezo huu tangu mwanzo, yote niliyokuwa nikiwaambia aliniandikia Yusra. Nikangoja wanifukuze.

Mejumaa akaokota rimoti akaizima. Akaja karibu ili nimwone mdomo, akasema, "Alhamdulillahi. Basi tusimwashe tena huyu mwanamke."

Nikadhani nimemsoma vibaya. Akarudia. Kumbe hampendi Nesrin hata kidogo, anamwona mpumbavu. Alikuwa anaiwasha kwa ajili yangu, kwa sababu kila jioni mimi ndiye wa kwanza kufika na nakaa mbele kabisa, akasema Dama anaupenda mchezo huu, nitamnyimaje. Na wengine wakaanza kukiri mmoja mmoja. Mmoja alikuwa akija ili asikose la kusema majini. Mwingine alikuwa akilala macho wazi, anamuuliza mumewe habari akirudi nyumbani. Miezi yote hiyo, Yusra, tumekaa jamvini kumtazama mtu ambaye hakuna aliyemtaka, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuinuka. Nilitaka kucheka na nilitaka kuwapiga.

Kisha Mejumaa akaniambia jingine, na hili ndilo lililonikalisha chini. Habari ya talaka yako ilifika kisiwani mwezi wa sita. Waliniambia. Waliniambia majini, wameinamia kamba, wakinipa pole, nami nikawajibu Mashaallah. Ndiyo maana walitazamana. Ndiyo maana walininunia, zaidi ya Nesrin, zaidi ya ramli. Walisema Dama amemlilia Mturuki na mtoto aliyemlea hata hakumtolea chozi. Maneno yaleyale yako, na hamkuonana.

Kuhusu kamba, hawakunipokonya. Mejumaa amesema tutafunga mstari mmoja, yeye upande huu na mimi upande ule, na maji yakigeuka ataivuta kamba mpaka niisikie mikononi. Tumejaribu juzi, nimeitikia kabla ya wote. Na amesema tutakwenda pamoja hospitali ya Msambweni wanitazame masikio. Nimekubali, ila nimemwambia asiniongoze mkono kama kipofu.

Sasa ni wewe. Siwezi kuyarudisha yale ya Idd. Eda umeikaa peke yako na mimi nikikusumbua na Feride, hilo litaniuma mpaka naingia kaburini. Lakini chumba chako kipo. Nimekifagia, nimetoa kamba za mwani zilizokuwa zimejaa humo, na udi nimeununua. Jaafar nimemwambia akikuona Shimoni akungoje hata kama mashua haijajaa.

Njoo siku ya mapumziko yako, au njoo ukae kabisa, utakavyo. Sitakuwa nakaanga kitu. Taa nitaiwasha mapema, nitaiweka mezani. Wewe ukae upande wangu wa kulia, uniletee uso wako karibu, uniambie tena tangu mwanzo alichokufanya Kibwana. Na ukifika pale ulipouliza kama unaweza kurudi, usiharakishe, litamke pole pole, nataka nilione lote likitoka mdomoni mwako ndipo nikujibu.

Shangazi yako,
Dama